WEKA NENO MOYONI, KIJANA!

SOMO: Kukariri Neno la Mungu
Soma: Mathayo 4:1-11

Mpendwa kijana wa Kasanda na vijiji vya jirani! Labda wewe si mtu wa kanisani. Umefuata muziki tu, au ulikuwa unapita na baiskeli yako ukapewa karatasi hii. Karibu, isome.

Nakuuliza swali. Unajua nyimbo ngapi za Bongo Fleva toka mwanzo mpaka mwisho? Na kikosi cha Simba au Yanga, si unakitaja chote toka golikipa? Nani alikukalisha darasani akufundishe? Hakuna! Ulipenda, ukasikia mara nyingi, kikashika. Basi usiniambie kichwa chako ni kizito. Watoto wa madrasa kule Ujiji wanahifadhi sura za Kurani kwa Kiarabu, lugha ambayo hawaongei nyumbani. Sisi tunayo Biblia nzima ya Kiswahili, ile ya Union, toka mwaka 1952, na walokole wengi wanaifungua Jumapili tu. Nasema wazi.

Sasa mwangalie Yesu jangwani. Siku 40 hajala. Yuko peke yake, na kitabu hana, maana maandiko ya siku zile yalikuwa magombo makubwa ya kusomwa katika sinagogi. Shetani akamjaribu mara tatu. Mara tatu Yesu akamjibu kwa andiko, yote kutoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, halafu 6:16, halafu 6:13. Aliyatoa wapi? Moyoni! Yalikuwa yamewekwa kabla ya njaa kufika.

Lakini angalia vizuri, shetani naye alikariri! Alitaja Zaburi 91:11-12. Ila alikata. Aliacha maneno ya kulindwa katika njia zako, tena akanyamaza kabla ya aya ya 13 inayosema habari za kumkanyaga nyoka. (Hiyo isingemfaa yeye!) Kwa hiyo kijana, shika aya nzima, ujue na iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Mwenye nusu andiko anadanganywa mchana kweupe. Na kukariri peke yake hakukuokoi. Warumi 10:9 inataka mambo mawili, kinywa kikiri na moyo uamini.

Watu wa huku tumewaona wakimbizi. Mwaka 1993 vita ya Burundi ilileta maelfu kwa maelfu Kibondo, na mwaka 2015 wakaja tena, wengine wakapelekwa Mtendeli, kambi iliyofungwa mwaka 2021. Mtu anayekimbia usiku anashika mkono wa mtoto, labda na sufuria. Vitabu vinabaki ndani ya nyumba, nyumba inaungua. Aliyekuwa na Zaburi ya 23 moyoni alivuka nayo mpaka, na hapakuwa na askari wa kumnyang'anya.

Wewe pengine hutakimbia vita. Lakini iko saa rafiki atakuita nyuma ya kilabu cha pombe, au mtu atakuonyesha hela ya haraka, au utalala na uchungu mpaka uwaze kujiua. Saa hiyo mhubiri hayupo. Na ile Biblia ya kwenye simu? Chaji imeisha.

Anza hivi. Chukua aya moja kwa wiki, usifanye pupa. Isome kwa sauti mara kumi asubuhi, ukitaja kitabu, sura na aya. Iseme ukilima maharage, iseme ukisukuma baiskeli mlimani. Jioni mwambie mwenzako akusikilize, ukikosea akurudishe. Jumapili uirudie pamoja na za wiki zilizopita, maana usiyoirudia inakimbia. Zaburi ya 23 ina aya 6 tu, wiki sita umeimaliza!

Aya ya kwanza iwe Zaburi 119:11. Kama huna Biblia, au hujui kusoma, usione haya. Njoo mbele baada ya mahubiri, mhudumu atakusomea polepole mpaka uishike, ndipo urudi nyumbani.