AFYA YETU: Maumivu ya Kifua Si "Vidonda vya Tumbo" Kila Mara

Katika somo la mwezi huu tunazungumzia ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo. Zamani wengi wetu tuliuhesabu kuwa ugonjwa wa matajiri. Sivyo. Huwapata wachuuzi wa Kariakoo, mama lishe, madereva wa daladala na wazee wetu wa Ilala na Magomeni. Elimu ya kuupima na kuutibu imepiga hatua kubwa, na sehemu kubwa ya tiba hiyo sasa ipo hapa hapa Dar es Salaam. Lakini haimfai mtu anayechelewa kufika.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Moyo ni msuli unaosukuma damu usiku na mchana. Nao pia unahitaji kulishwa, na chakula chake huletwa na mishipa midogo iliyouzunguka, iitwayo mishipa ya korona. Kwa miaka mingi mafuta yanayoitwa lehemu hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo na kuifanya myembamba. Mtu akipanda ngazi za ghorofa au akibeba mzigo, kifua kinabana, akipumzika, kinaachia. Hilo ni onyo.

Siku nyingine utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa huziba kabisa. Hili ndilo shambulio la moyo. Sehemu ya msuli iliyokosa damu huanza kufa kabla ya saa moja kwisha, na kila saa inayopita hufa zaidi. Msuli uliokufa hauoti tena.

2. Unapimwaje?

Kipimo cha kwanza ni cha umeme wa moyo. Aliyekivumbua, Willem Einthoven wa Uholanzi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mwendo wa moyo wake. Hakiumi, na huchukua dakika chache. Miongozo ya leo inataka mwenye maumivu ya kifua apimwe hivyo ndani ya dakika 10 tangu afike hospitali.

Cha pili ni kipimo cha damu. Msuli wa moyo ukijeruhiwa humwaga katika damu kitu kiitwacho troponini. Kwa kuwa hupanda baada ya saa kadhaa, daktari huweza kukirudia kipimo hiki. Mgonjwa asidhani anazungushwa.

Cha tatu ni picha ya mishipa yenyewe. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye moyo, dawa maalumu humiminwa, na eksirei huonyesha palipoziba. Njia hii ilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1958, kwa Daktari Mason Sones.

3. Unatibiwaje?

Mwaka 1967, Daktari René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, alichukua mshipa wa mguu wa mgonjwa na kuufanya njia mpya ya damu kupita kando ya palipoziba. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha puto dogo katika mshipa wa moyo, akalijaza na kuutanua bila kufungua kifua. Mwaka 1986 madaktari wa Ufaransa na Uswisi wakaanza kuacha ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Hatua nyingine kubwa ilikuwa ya bei ndogo. Utafiti uliotangazwa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa asprini ikitolewa mapema hupunguza vifo vya shambulio la moyo kwa kiasi cha mtu mmoja kati ya watano. Ikiunganishwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, faida huzidi. Miaka hiyo hiyo zikaja dawa za kupunguza lehemu, ziitwazo statini.

4. Hapa kwetu

Kwa miaka mingi Watanzania wenye maradhi ya moyo yaliyohitaji upasuaji walipelekwa India. Mwaka 2008 Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo hilo hilo la Upanga. Hapo mishipa huchunguzwa na kuzibuliwa kwa njia ya tundu dogo. Kutoka soko la Kariakoo ni mwendo wa kama kilomita 2.

Basi tatizo liko wapi? Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2018 na 2019 unatufundisha. Katika wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakutambuliwa, na zaidi ya theluthi walifariki ndani ya siku 30. Ikiwa hospitalini ugonjwa huu unaweza kupita bila kujulikana, itakuwaje dukani, tunaponunua dawa ya gesi na kurudi kwenye biashara?

5. Dalili za kushika

Kifua kubana au kulemewa kama kimewekewa mzigo, maumivu kwenda bega, mkono wa kushoto, shingo au taya, jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi. Kwa akina mama, wazee na wenye kisukari, maumivu huweza yasiwepo: huja uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu. Dalili zikizidi dakika chache, msisubiri asubuhi wala kufunga duka kwanza. Mgonjwa asiendeshe gari wala kutembea, apelekwe hospitali, na anayemsindikiza aombe waziwazi: "Apimwe umeme wa moyo." Mwenye vidonda vya tumbo au anayetokwa damu awaambie waganga kabla ya kupewa asprini.

6. Kinga

Utafiti wa mwaka 2004 uliohusisha nchi 52 ulionyesha kuwa hatari kubwa ya ugonjwa huu hutokana na mambo yanayoweza kubadilishwa, yakiwemo sigara, presha, kisukari, lehemu, kitambi na kutofanya mazoezi. Tupime presha na sukari hata kama hatuumwi. Tupunguze chumvi na mafuta, tuongeze mboga na matunda, ambayo Kariakoo hayakosekani. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia nafuu. Na kwa kuwa kuzibua mshipa ni gharama nzito kwa familia isiyo na bima ya afya, tujiunge tukiwa wazima.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya

1. Nani katika familia yetu ana presha au kisukari, na alipima lini mara ya mwisho?
2. Baba au mama akishikwa na kifua usiku wa manane, tutampeleka hospitali gani, kwa usafiri wa nani?
3. Nauli ya dharura tunaiweka wapi?

Familia yenye majibu ya maswali haya imeshaokoa saa ya kwanza.