SOMO: MITHALI ZA WAZEE NA MAISHA WALIYOISHI

Soma: Mithali 25:1, 2 Wafalme 18:9-11

Juzi katika darasa la vijana niliuliza maana ya mithali inayojulikana kwetu Burundi: Akanyoni kataguruka ntikamenya iyo bweze. Kijana mmoja akajibu kwamba ndege asiyeruka hajui mahali mahindi yameiva. Wote wakaitikia, ndiyo.

Lakini mahindi hayamo! Mahindi, yaani ibigori, tungesema vyeze. Bweze ni uburo, yaani ulezi. Ndiyo nafaka ya babu zetu, iliyokaa ghalani miaka bila kuharibiwa na wadudu, ikawa akiba ya siku za njaa. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika Afrika baada ya mwaka 1500. Herufi mbili tu, bw, zimetutunzia shamba zima, na vijana wetu waliozaliwa kambini hawajaliona. Si kosa lao. Wao wanajua mahindi ya mgao.

Iko nyingine, ya Waswahili: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku ugenini tumeambiwa hivyo, na wengine tuliumia tukidhani tunafukuzwa. Lakini fikirini jembe lilikuwa nini zamani. Lilikuwa chuma cha mhunzi, kitu cha thamani. Kwetu lilitolewa hata katika mahari. Mimi naona aliyepewa jembe alikuwa ameanza kuhesabiwa mtu wa nyumba ile. Sisemi kila anayeitamka leo ana nia hiyo.

Sasa tazameni Mithali 25:1. Sulemani alikuwa amekufa zaidi ya miaka 200 ndipo watu wa Hezekia wakazinakili mithali zake. Ni siku gani hizo? Katika siku za mfalme huyo huyo Samaria ilitekwa, na watu wake wakahamishwa mpaka Ashuru. Vita viko mlangoni, nao watu wa Hezekia wanaandika maneno ya wazee.

Wazee wetu waliolima ulezi wamebaki wachache. Mwaka huu tumezika wawili. Kwa hiyo kila nyumba imwulize mzee mithali moja, na kitu kilichotajwa ndani yake: kilikuwaje, kilifanya kazi gani, nani alikishika. Jumapili baada ya ibada nitakaa chini ya mti na daftari. Asiyejua kuandika aje tu, mimi nitaandika.