Fisi maji wetu ni kikande

Ukishuka pwani ya Kimbiji maji yakikupwa, angalia unapokanyaga. Yule nungunungu wa baharini, kiumbe mviringo mwenye miiba, hana huruma na mguu. Lakini akizidi mno, jiulize: aliyekuwa anamla kaenda wapi?

Mwaka 1974, James Estes na John Palmisano walilinganisha visiwa vya Alaska. Palipokuwa na fisi maji wa baharini, mwani mkubwa ulisimama kama msitu. Kwingine, ambako fisi maji walimalizwa na wawinda ngozi kabla ya mkataba wa 1911, nungunungu walikuwa wameutafuna mwani wakabakiza mwamba mtupu.

Kwetu hakuna msitu ule. Tuna matumbawe na nyasi za bahari, na mlinzi wake ni kikande, samaki mwenye meno ya kupasulia nungunungu. Utafiti wa Tim McClanahan huko Kenya ulionesha kuwa miamba iliyovuliwa kupita kiasi hujaa nungunungu, nao wakikwangua mwani hukwangua na tumbawe lenyewe. Ndani ya hifadhi za zamani kama Malindi na Watamu, za tangu 1968, ni wachache.

Tatizo, kikande akipungua huchukua miaka mingi kurudi. Na kumwambia mvuvi mwenye watoto “usimvue” ni maneno ya darasani tu. Linalowezekana ni wavuvi wenyewe kukubaliana kipande kimoja cha mwamba kipumzike. Baruti ndiyo haina mjadala: inamuua mlinzi na kubomoa nyumba yake kwa mpigo mmoja.