Msumari Ndani ya Mti



Ndugu msomaji, Dzaleka imepokea wakimbizi tangu mwaka 1994. Mche uliopandwa mwaka huo leo ni mti mzima. Na kama mtu aliupigilia msumari au kuufunga waya wa kuanikia nguo ukiwa mchanga, leo huenda usiuone msumari wala waya. Hakuna aliyeuchomoa; mti umeumeza. Hata Lilongwe, mti wowote unaopigiliwa tangazo una hatari hiyo hiyo.

Mti humezaje chuma?

Shina hunenepa kutokana na tabaka jembamba la seli hai lililo chini ya gome. Tabaka hilo hutoa mbao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Likikutana na kitu kisichosogea, mbao mpya hukizunguka kama midomo, mpaka midomo ikafumba. Na kwa kuwa mti hurefuka kwenye ncha zake, msumari hubaki kimo kile kile ulipopigiliwa.

Msumari mmoja kwa kawaida hauui mti. Waya uliozunguka shina zima ndio hatari: hubana njia zinazoshusha chakula kutoka kwenye majani, mizizi ikakosa riziki, na mti ukaweza kufa taratibu huku majani yakiwa bado mabichi.

Na moyo je?

Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mja akitenda dhambi, huwekwa nukta nyeusi moyoni mwake. Akiacha na kutubia, moyo husafishwa. Akirudia, nukta huongezeka mpaka ikaufunika moyo. Hiyo ndiyo kutu inayotajwa katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14.

Tazama mambo yetu ya chuoni. Mara ya kwanza kuibia mtihani, mkono hutetemeka. Mara ya tano, hautetemeki tena. Deni la mwenzako ulikumbuka kila siku, sasa hulikumbuki. Kutulia huko si kupona. Ni gome limefunga juu ya msumari.

Lakini hapa mfano wa mti unakoma. Mti hauwezi kuutoa msumari wake; mja amefunguliwa mlango wa toba. Wanazuoni wametaja masharti yake: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama ni haki ya mtu, kuirudisha. Hilo la mwisho ndilo linalouma, kwa sababu ndilo linalopasua gome.

Maswali ya darasa

1. Ni dhambi gani iliyokuuma zamani na leo haikuumi?
2. Ni haki ya nani uliyonayo, na utairudisha lini?
3. Je, jirani na msikiti wenu kuna mti uliofungwa waya? Ulegezeni leo, kabla haujazama.

Wabillahi tawfiq.