Koo Limepona, Damu Inakumbuka

Mtoto aliugua mafindofindo, akapona, akarudi shule. Wiki 3 baadaye goti limevimba. Kesho yake maumivu yamehamia kwenye kiwiko, na homa imepanda. Daktari anaagiza kipimo cha ASO. Mzazi anashangaa: goti na koo wapi na wapi?

Kinachopimwa

Baadhi ya mafindofindo husababishwa na bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A. Hutoa sumu inayopasua chembe nyekundu za damu, na mwili hutengeneza kingamwili za kuizima, ziitwazo ASO. Bakteria akishatoweka kooni, kingamwili hubaki. Maabara huchukua damu kidogo, huiacha igande, kisha hupima kingamwili hizo katika seramu, yaani majimaji ya manjano yanayojitenga.

Wakati mwingine kinga ya mwili dhidi ya bakteria huyo hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Kusoma majibu

Kingamwili huanza kupanda wiki 1 hivi baada ya maambukizi, hufika kilele kati ya wiki ya 3 na ya 5, kisha hushuka polepole kwa miezi. Kwa hiyo:

- Kipimo hiki hakionyeshi koo linalouma leo. Usikisubiri ndipo utafute tiba.
- Kiwango kikubwa peke yake si ugonjwa. Hata mtoto mzima wa afya anaweza kuwa nacho.
- Kiwango kidogo hakimalizi shaka, hasa kama maambukizi yalikuwa ya ngozi, si ya koo. Daktari anaweza kurudia kipimo baada ya wiki 2 hadi 4, au kuagiza kingine.

Wajibu wa nyumbani

- Koo likiuma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, mpeleke mtoto kituo cha afya.
- Akiandikiwa penisilini ya kunywa kwa siku 10, amalize zote, hata akipata nafuu siku ya 3.
- Nendeni siku hiyohiyo viungo vikivimba, pumzi ikibana, mikono ikirukaruka yenyewe, uso ukivimba, au mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu.
- Andika tarehe koo lilipoanza kuuma, au kidonda cha ngozi kilipotokea, kwenye daftari la kliniki. Maabara itatoa namba. Tarehe yako ndiyo itakayomwezesha daktari kuielewa.