Mji Mkongwe Bila Gari: Mwongozo wa Kumpumzisha Mzazi Mstaafu
Kwa familia za Kibiti na delta ya Rufiji

Kijana anayetaka kumtembeza mzazi wake aliyestaafu huanza kwa kuulizia bei ya gari la kukodi. Kwa safari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, pesa hiyo ibaki mfukoni. Vichochoro vya mji ule havipitishi gari, na mwenye nalo huliacha pembeni akatembea kama wengine. Mzee wa Salale au Maparoni, aliyeishi kwa mtumbwi na miguu yake, hahitaji kufundishwa maisha hayo. Kinachomchosha ni kusubiri, ngazi na kukosa choo.

Maji kwanza, tiketi baadaye

Anayetoka delta husafiri kwa kupwa na kujaa. Muulize mzee siku zipi ni za bamvu na zipi ni za maji mafu, ndipo ukate tiketi ya boti ya Zanzibar. Akishafika Nyamisati na kutokea Bungu, alale Kibiti. Kesho yake apande basi la Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, kisha daladala au mwendokasi kuingia mjini, alale tena kwa ndugu. Siku mbili kabla ya kuvuka si kupoteza muda. Wanaomkimbiza mzee safari yote kwa siku moja humfikisha mgonjwa.

Boti za kasi kutoka bandari ya Dar es Salaam hufika Unguja kwa takriban saa mbili. Aende na kitambulisho. Dawa za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mizigo. Mchagulieni kiti cha chini, kuelekea nyuma, ambako boti haiyumbi sana. Epukeni kusi kali ya Juni na Julai, na masika ya Machi hadi Mei. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, jambo la kukumbuka kwa mzee ambaye dawa zake zinataka chakula.

Kulala na kutembea

Ombeni chumba cha chini. Nyumba za kale zina ngazi za mwinuko mkali, na picha za matangazo hazionyeshi hilo. Viatu viwe vya kisigino kifupi na vyenye kushika, maana njia si sawa na pikipiki hupenya humo humo bila kuonya. Uzuri ni kwamba nyumba nyingi zina baraza nje. Mzee akichoka, huketi, akasalimia wapita njia. Kwa siku moja, mahali pamoja panatosha: soko la Darajani asubuhi, au Ngome Kongwe jioni na kumalizia Forodhani. Pale ulizeni bei kabla ya kula, na mwenye kisukari aiangalie tu juisi ya miwa.

Ila kuna kitu kimoja kisichohitaji kiingilio. Mwambieni mzee atazame dari. Dari za nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na sehemu ya boriti hizo ilikatwa delta ya Rufiji na kuvushwa kwa majahazi. Vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Unesco iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini mzee aliyewahi kukata mikoko, au aliyemwona baba yake akikata, atakuwa na mengi ya kusema kuliko mtembeza wageni. Mwacheni aseme.

Kurudi

Boti ya kurudi iwe ya asubuhi, ili basi la Kibiti limfikishe kabla ya giza. Wa delta alale hapo, avuke maji yakijaa.