Ukivua Magwanda Marekani, Usiiache Leseni ya Lori Kambini

Kijana wa kwetu aliyeingia jeshi la nchi kavu la Marekani akapangiwa 88M, kazi ya udereva wa malori, anapotoka anakuwa tayari ana ufundi ambao raia hulipa ada kubwa kuusomea. Amefundishwa Fort Leonard Wood, Missouri. Ameendesha kwenye msafara usiku taa zimezimwa, amefunga mizigo kwa minyororo, amechungulia chini ya gari kwenye baridi kali akitafuta mpira wa breki unaovuja. Lakini siku anavua magwanda, sheria haimruhusu kulisogeza lori la raia hata nje ya geti. Akiwa kazini, kifungu cha 383.3 cha kanuni za usafiri za serikali kuu kilimwondolea sharti la kuwa na CDL, yaani leseni ya magari ya biashara. Nafuu hiyo huisha pamoja na utumishi. Ile kadi ya jeshi, OF-346, haitambuliwi na trafiki wa barabara kuu, na hakuna tajiri wa malori atakayeipokea.

Njia ya kuigeuza kadi hiyo kuwa CDL ipo. Imeandikwa kwenye kifungu cha 383.77, na tangu 2011 imewafaa maelfu ya wanajeshi. Jimbo linaruhusiwa kumsamehe askari mtihani wa vitendo: ukaguzi wa gari kabla ya safari, kurudi nyuma na kuegesha uwanjani, kisha kuendesha barabarani na mtahini pembeni. Majimbo yote 50 yanatoa msamaha huo, na Washington, D.C. pia. Wanaonufaika nao si 88M peke yao. Dereva wa lori la mafuta, 92F, yumo. Wa Marine wa 3531 yumo, na wa vikosi vya wanamaji na vya anga pia, mradi kazi yake halisi ilikuwa kuendesha magari mazito. Askari wa akiba na wa National Guard wamo vilevile. Mtu mwenye green card hutendewa sawa na raia, na hilo linawahusu wengi wetu, kwa kuwa wengi walijiunga wakiwa na green card, na wengine waliingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo.

Wanaokosa nafasi hii mara nyingi hawaikosi kwa sababu hawakustahili. Wamechelewa tu. Sheria inatoa mwaka mmoja tangu uache kazi ya udereva jeshini. Hadi mwishoni mwa 2016 zilikuwa siku 90 pekee, kwa hiyo mwaka unaonekana mrefu. Si mrefu. Mtu akitoka anahamisha familia, anatafuta nyumba, anahangaika na karatasi za hospitali ya maveterani, anakwenda nyumbani kuwaona wazazi ambao hajawaona tangu aondoke. Akizinduka, miezi kumi imekwisha, na fomu ya msamaha inahitaji sahihi ya kamanda wake. Kamanda yule amehamishiwa Ujerumani au Korea, na aliyekuja baada yake hajawahi kumwona. Ushauri wangu ni kuanza miezi sita kabla ya kutoka, ungali na magwanda mwilini. Ukiwa ndani, sahihi ni suala la kubisha mlango. Ukishatoka, ni kuandika barua pepe na kungoja.

Nafasi ikipita, gharama ni kubwa kuliko zamani. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeanza kutafuta CDL ya daraja A au B hawezi kufanya mtihani wa vitendo kabla ya kupita shule iliyosajiliwa na serikali kuu. Mwanajeshi anayetimiza masharti ya 383.77 hahitaji shule hiyo. Aliyechelewa anaihitaji kama mtu yeyote ambaye hajawahi kushika usukani.

Kuna mtego mwingine ambao sioni ukisemwa vya kutosha. Sheria inataka uwe umeendesha miaka miwili, lakini haisemi wakati wowote katika utumishi wako. Inasema miaka miwili inayotangulia kutoka kwako. Tuseme uliendesha miaka mitatu, kisha sajenti akakupeleka ofisini kushika makaratasi kwa miezi kumi na minane ya mwisho. Unaweza kukataliwa, na ufundi wote ungali mikononi mwako. Ukiona unahamishiwa kazi ya mezani na una mpango wa malori baadaye, zungumza na wakubwa wako mapema. Omba ubaki kwenye orodha ya madereva, uendelee kupangiwa safari, na safari hizo ziandikwe.

Kuandikwa ndiko kunakotangulia mengine yote. Rekodi yako ya udereva iko kwenye DA Form 348, au kwenye kadi inayotolewa na kompyuta, 5984-E. Nenda yadi ya magari ya kikosi, muone msimamizi wa madereva, mwombe aifungue mbele yako. Usiangalie jina na sahihi tu. Teremka hadi kwenye orodha ya magari uliyoidhinishwa, usome namba moja moja: M915, M1075, M977. Gari uliloendesha Kuwait miezi tisa lakini halimo kwenye orodha, ofisi ya leseni italihesabu kama ambalo hukuligusa. Mwombe aliongeze wakati walioshuhudia bado wapo kikosini. Chukua nakala mbili. Ukitoka utapewa DD-214, hati ya kuacha jeshi, na humo kazi yako ya jeshi inatakiwa ionekane kwa namba yake, kwa hiyo isome kabla hujatia sahihi.

Na hapo hapo tazama majina. Sisi tuna majina matatu au manne, na kila ofisi imeyapanga kivyake. Green card ina jina la baba katikati, kadi ya Social Security imelikata, na jeshi limeyaunganisha mawili likayafanya moja. Karani wa ofisi ya leseni hana mamlaka ya kukubali kwamba hao ni mtu mmoja. Lisawazishe jina ungali kambini, kwa sababu huko kuna ofisi za utumishi na za msaada wa kisheria zisizokutoza hata senti.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, kwani ndilo litakaloamua leseni yako itakuwa na thamani gani. Daraja A ni la gari lenye trela ambalo uzito wake wote ulioidhinishwa unaanzia pauni 26,001, karibu kilo 11,800, na trela lenyewe linazidi pauni 10,000. Daraja B ni la gari zito lisilo na trela, au lenye trela dogo. Jimbo hukupa daraja la gari uliloendesha, si la gari unalolitamani. Aliyeendesha Humvee tu hana la kuombea msamaha, maana Humvee haifiki uzito wa gari la biashara. Aliyeendesha HEMTT peke yake, lile la magurudumu manane, atapata B. Aliyeendesha M915 akivuta semi-trela, au M1070 inayobeba vifaru, ana hoja kamili ya A.

Ipo pia hali ya katikati, na inaumiza. PLS, ile M1075 inayojipakia kontena, huvuta trela zito, kwa hiyo daraja lake ni A. Lakini trela lile limefungwa kwa mkono wa chuma nyuma ya lori. Halikalii ile sahani nene iliyo mgongoni mwa kichwa ambayo semi-trela za raia hukalia. Aliyevuta hilo tu anaweza kupewa daraja A lenye herufi O, maana yake haruhusiwi kuendesha gari lenye sahani. Malori mengi ya masafa marefu Marekani yana sahani. Kwa hiyo ana A mkononi, na kazi nyingi za A zimefungwa kwake. Kama kikosi chako kina M915 hata moja, omba ufunzwe, uidhinishwe na upangiwe safari mapema, ili uwe nayo kwenye rekodi yako.

Herufi nyingine ni E, ya kutoruhusiwa gia za mkono. Malori mengi ya jeshi ni otomatiki, kwa hiyo tarajia kuiona. Mimi nisingekosa usingizi kwa ajili yake, kwa sababu makampuni makubwa ya Marekani yamekwishahamia malori yanayobadili gia yenyewe. Herufi L ni ya breki za upepo, na hiyo usiikubali hata kidogo. Huingia kirahisi mtu akianguka mtihani wa maandishi wa breki hizo, na lori zito lisilo na breki za upepo ni nadra.

Msamaha unaondoa mtihani wa vitendo. Wa maandishi kwa kawaida unabaki: maarifa ya jumla, breki za upepo, na kwa daraja A, magari yenye trela. Kufaulu ni kupata asilimia 80 katika kila mmoja. Tangu 2018 majimbo yameruhusiwa kuwasamehe hata huo madereva wa fani kama 88M, 92F na 3531, lakini si majimbo yote yaliyokubali, kwa hiyo uliza lako kabla hujapanga safari. Hata ukisamehewa, soma. Kitabu cha CDL kinatolewa bure na kila jimbo, na sura ya breki za upepo inafaa kusomwa mara tatu, kalamu mkononi. Jeshi lilikufundisha kukagua kwa fomu zake. Raia wanakagua kwa mpangilio mwingine na kwa maneno mengine, na mkaguzi wa kando ya barabara atayatumia hayo ya raia.

Miaka miwili ya nyuma itachunguzwa, na hapa gari lako binafsi linahesabiwa pamoja na la jeshi. Leseni yako isiwe imewahi kusimamishwa au kufutwa katika muda huo. Usiwe na hatia ya kuendesha umelewa, wala zaidi ya kosa moja kubwa la barabarani, na kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa ni kosa kubwa. Usiwe na ajali iliyokuwa kosa lako. Usiwe na leseni mbili za kiraia, jambo linaloweza kumpata askari aliyehama jimbo akachukua leseni mpya na ya zamani asiirudishe. Chukua rekodi yako kutoka ofisi ya jimbo, uisome mwenyewe kabla ya karani kuisoma. Ikiwa na kosa lisilo lako, kulisafisha huchukua wiki kadhaa.

Daktari ni jambo jepesi, ila asiwe yeyote. Awe kwenye orodha ya serikali kuu ya wapimaji wa madereva. Cheti cha afya hudumu hadi miezi 24, na shinikizo la damu likizidi 140 kwa 90 utapewa muda mfupi zaidi. Ukitaka kubeba mafuta au kemikali hatari, ongeza uchunguzi wa usalama wa TSA pamoja na alama za vidole, na uanze mapema.

Kuhusu jimbo la kuombea: lililokuandikisha jeshini huenda si unaloishi sasa. Sheria inaruhusu jimbo lenye kambi yako kupokea maombi na mitihani, kisha kupeleka matokeo kwa jimbo lako la nyumbani, mradi majimbo hayo mawili yamekubaliana. Piga simu kwa yote mawili, na jina la aliyekujibu liandike. Ada za mitihani zinaweza kurudishwa na GI Bill, hadi dola 2,000 kwa mtihani mmoja. Na ikiwa kamanda wako anakubali, mpango wa SkillBridge unakuruhusu kutumia sehemu ya siku 180 za mwisho za utumishi ukifanya kazi au mafunzo kwa mwajiri wa kiraia, mshahara wa jeshi ukiendelea kuingia. Baadhi ya waajiri hao ni makampuni ya malori, na nafasi hiyo ningeipigania kuliko nyingine yoyote kwenye orodha ya wanaotoka.

Sababu yangu ni kwamba msamaha unakupa kadi, ila kurudi rivasi na trela la futi 53 kwenye kituo cha kupakia mizigo haukufundishi. Trela la M915 ni fupi kuliko hilo, na uwanja wa kambi ni mpana. Ghala la Chicago au New Jersey lina njia nyembamba, malori kushoto na kulia, na nyuma yako mtu anapiga honi. Ukikosa SkillBridge, tafuta shule inayouza mafunzo kwa siku chache, lipia siku za kurudi nyuma tu, uzitumie zote kwenye upande wa abiria, ambako kioo hakikuonyeshi mwisho wa trela. Unapofanya usaili, muulize mwajiri askari wa msamaha wanakaa na mwalimu wiki ngapi kabla ya kuachiwa lori peke yao. Anayejibu kwamba kesho asubuhi utakabidhiwa funguo, mshukuru, kisha upige simu kwa mwingine.